Kukodi lenzi ya 150-600 kwa ajili ya ndege wa Kunduchi: inalipa, ila kodi kwa kufuata maji

Nianze na jibu kabisa kwa wavivu wa kusoma: kakodini, msinunue. Lenzi ya maana ya kupigia ndege ikiwa mpya inakula milioni mbili na kitu, na kama we ni mtu wa mshahara kama mimi hiyo ni ada ya mtoto au bati za nyumba, sasa uje uiweke kabatini isubiri wikendi huku unyevu wa Dar unaiotesha fangasi kwenye vioo, ya nini. Pale Kinondoni mi nalipa elfu hamsini kwa masaa ishirini na nne narudisha nalala. Jina la duka silitaji maana kuna mambo nitayasema huko chini na sitaki simu za usiku.

Duka lenyewe limekaa kiharusi-harusi. Ukiingia ni mataa, mastendi, droni, zile reli za kuzungushia kamera, na vijana wawili watatu wanaojua kila ukumbi wa sherehe mji huu na saa ngapi bibi harusi huwa anachelewa kuingia. Wateja wao wote ni wa send-off na kipaimara, kwa hiyo lenzi ndefu inakaa pale juu ya shelfu inachukuliwa mara chache na watu wa mpira au wa mikutano ya siasa. Mi nilivyoiulizia kijana wa kaunta akaniuliza, "Dada, ukumbi gani?" nikamwambia sio ukumbi, nataka kupiga ndege wale wa kwenye mashamba ya chumvi Kunduchi. Akaniangalia. "Dada yangu, kwa hela hiyo si bora ununue kuku kabisa, umpige picha af umle."

Ila kwenye kazi yake yuko vizuri sana huyo kijana, nampa maua yake. Kabla hajaniandikia risiti aliwasha tochi ya simu akaimulika lenzi kutokea nyuma, akanivuta niangalie kwa mbele, akanionyesha vumbi ni lipi na fangasi wanakuwaje, vile vinyuzi vyeupe vinavyotambaa kuanzia pembeni ya kioo. Hii kitu mjifunze hata kama mnakodi kwingine, maana mji wetu una joto na unyevu mwaka mzima na lenzi ikifungiwa kwenye begi likiwa na jasho lake haichukui muda, na ukirudisha ikiwa na fangasi ambao walikuwepo toka mwanzo utalipa wewe. Wao wanazitunza kwenye chumba chenye AC na vile vipakti vya kunyonya unyevu, kila begi kina vyake. Masharti yao ni kitambulisho cha NIDA, mdhamini mmoja anayepokea simu palepale, na dhamana laki mbili unayorudishiwa. Mdhamini wangu ni shemeji, alipokea akiwa ndani ya daladala akasema "ndiyo namfahamu" hata hajauliza ni nini. Imepita.

Kuhusu lenzi yenyewe sitaongea sana, mtandaoni imejaa. Ni Sigma 150-600mm ile ya Contemporary ya kufunga kwenye Canon, gramu 1,930, yaani karibu kilo mbili kabla hujaweka kamera. Mi natumia kamera ya Canon 80D ya mtumba ambayo sensa yake (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) sio ile kubwa, kwa hiyo 600 ukiipigia mara 1.6 inakupa upeo wa kama 960, na hapo ndege aliyeko ng'ambo ya bwawa unaanza kumuona mpaka jicho. Cha kujua ni swichi za ubavuni. Ya fokasi iweke ile inayoanzia mita 10 kwenda mbele, usiiache wazi yote, la sivyo ikimkosa ndege inaanza kutafuta kuanzia kwenye pua yako huku mwenyewe ndege keshaenda kisiwani Mbudya. Ya kutuliza mtikisiko iko 1 na 2, 1 kwa ndege aliyetulia, 2 ukiwa unamfuata anaporuka.

Sasa kwa nini unahitaji madude yote haya kwa ndege? Kwa sababu hawa sio kunguru wa Magomeni. Watu wengi hapa mjini hawajui kwamba kuanzia kama Septemba mpaka Aprili fukwe zetu zinapokea wageni waliokimbia baridi, na namaanisha baridi kweli, ya barafu. Kuna kitwitwi mmoja mdogo mwenye mdomo mweusi mrefu uliopinda chini kidogo, kitaalamu Calidris ferruginea, huyo anazaliwa kule juu kabisa Siberia karibu na Bahari ya Aktiki, na huko miezi ambayo sisi tunalia na joto la Januari ardhi yote imeganda, hakuna mdudu wala mnyoo wa kuchokoa, kwa hiyo ni kuhama au kufa. Wanakuja kula kwenye matope yetu. Yuko na mwingine ambaye mdomo wake umepinda kwenda juu, miguu ya njano ya machungwa, anakimbia hovyo hovyo ameinamisha kichwa, Xenus cinereus, huyo nampenda ila kumpata kwenye fremu ni kazi, hatulii hata sekunde. Ukiwakuta Desemba wote ni kijivu kijivu, mtu atakwambia ni ndege mmoja tu hao. Subiri mwezi wa tatu ukielekea wa nne, yule wa Siberia anaanza kubadilika manyoya anakuwa mwekundu wa tofali, amevaa kabisa nguo ya safari.

Ila mi kilichonipeleka Kinondoni kukodi ni mla kaa. Dromas ardeola. Yaani huyu ndege akisimama utadhani kuna mtu kamchora, mweupe pee, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu cha bluu, na domo jeusi nene la kupasulia kaa. Duniani yuko peke yake kwenye familia yake, hana ndugu mwingine ndani yake. Huyu hatoki kwenye barafu, anazalia pande za Uarabuni, Ghuba, Bahari ya Shamu mpaka Somalia, na anachimba shimo kwenye mchanga anaingia humo anataga yai moja tu, joto la ardhi linamsaidia kulalia, ndege wa pwani mwingine anayefanya hivyo hakuna. Msimu wa kuzalia ukiisha anashuka huku kwetu. Na ni mwoga. Ukitembea kwa miguu kumfuata hata kwa kunyata anainuka na kundi lote, kelele, wanaenda kutua mbali ambako hata lenzi ya NASA haifiki.

Hapo ndio tunakuja kwenye maji, na hii ndio sababu hasa ya mi kuandika haya yote. Duka linakodisha kwa saa, bahari nayo ina saa zake, na ukichukua lenzi siku ambayo hizo saa mbili hazijapatana elfu hamsini yako imeliwa. Rafiki yangu mmoja, fundi mzuri tu wa picha kuliko mimi, alichukua lenzi hiyohiyo Jumamosi saa tatu asubuhi akawahi Kunduchi saa nne akakuta bahari imekwenda zake, tope tupu mpaka macho yanachoka, na ndege wote wako kule mwisho maji yalipoishia, vidoa. Alirudi na picha za mikoko. Nzuri, lakini ni mikoko.

Wazee wa pwani hawahitaji programu ya simu kwenye hili, wanaangalia mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti inapita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanapanda kidogo yanashuka kidogo. Na kwa Dar ukifuatilia utaona bamvua huwa linajaa kwenye saa kumi hadi kumi na moja, alfajiri na jioni, halafu asubuhi ya saa nne na tano ndio linakuwa limekupwa, ndio maana yule rafiki yangu aliambulia tope. Sasa piga hesabu: bamvua, mchana, maji yanarudi. Kuanzia saa nane hivi bahari inaanza kuwalia tope lao taratibu, ndege wanasogea, wanasogea, tope linaisha, na wakikosa pa kusimama wananyanyuka kwa makundi wanakuja kutua kwenye matuta ya mabwawa ya chumvi nyuma ya mikoko kusubiri maji yapungue. Yaani we huwafuati, unaletewa. Na kwa vile bahari yetu iko mashariki, saa hiyo jua liko mgongoni kwako, linawapiga usoni. Alfajiri nayo maji yanajaa vilevile lakini ni giza, utapiga nini.

Maji mafu yanajaa asubuhi kwenye saa nne saa tano, unaweza ukadhani ndio raha, mwanga upo, ila hayana nguvu ya kulifunika tope lote, kwa hiyo ndege hawana haraka ya kukujia. Mi maji mafu silipi hela.

Nikiwa pale sitembei kabisa. Nilishaona kwamba hao ndege wakimuona mtu amesimama wanakimbia, ila chombo cha moto kikipita hawana habari nacho, kwa hiyo nakodi bajaji. Sio utani. Namchukua dereva kituoni Mtongani tunapatana mchana mzima, tunaingia kwenye tuta pana lile la kupitishia chumvi, anazima injini, anashusha turubai la upande mmoja mi natoa mdomo wa lenzi kwa pembeni, chini yake naweka kimfuko cha maharage kilo moja juu ya kile chuma cha kiti ili isitikisike, na tunakaa. Dereva wangu wa mwisho alilala dakika ya kumi akakoroma na ndege wala hawakujali. Stendi ya miguu mitatu sibebi tena, kwanza kwenye tope inazama.

Kabla ya hapo lakini muombe ruhusa mwenye chumvi, jamani, yale ni mashamba ya watu, sio mbuga. Kamera kubwa kule inatafsiriwa vibaya. Mzee mmoja aliyekuwa anakwangua chumvi nilimwamkia shikamoo baba, akaitika marahaba binti, halafu kimya, halafu akauliza, "We ni wa manispaa au ni wale wa viwanja?" Nikamgeuzia kioo cha kamera nikamuonyesha ndege. Akacheka mpaka akaweka jembe chini akasema hao wapo toka yeye mdogo, wanakuja na kaskazi, na kwamba kwenye kona ile ya mchu mkubwa (mchu ni aina ya mkoko) kuna mmoja mdogo wa jamii ya yangeyange anajificha kila siku. Na kweli alikuwepo! Butorides striata, kijivu chenye ukijani, amejikunja kwenye mizizi ya mchu amekodolea maji, nilimwangalia kwa lenzi muda mrefu nikidhani ni kipande cha mti mpaka shingo ilipochomoka ikarudi na kisamaki. Bila yule mzee ningempita. Nilimuachia ya soda, na hiyo mjue ni gharama ya kuhesabia kwenye bajeti.

Wala kaa walitua kama saa tisa na nusu hivi, kundi zima, mbele ya bajaji upande wa pili wa bwawa. Wanapotafuta chakula wanakimbia hatua kadhaa wanaganda, wanakimbia wanaganda. Mmoja alimdaka kaa pembeni kwenye mfereji wenye tope, akamtikisa, mguu mmoja wa kaa ukaruka, akamgonga chini, mguu mwingine, mpaka likabaki gamba tu na vijimguu viwili, na nyuma yake anakuja mwingine wa kijivu, ukubwa karibu sawa na yeye, ameinama anamlilia. Ni mtoto wake. Hawa wanaendelea kuwalisha watoto hata wakishahama kuja huku miezi mingi baadae, mtoto mzima ana mabawa yake ya kuvuka bahari na bado anadai kaa wa mama. Nilibonyeza mpaka kamera ikagoma kwa muda kujaza kadi. Alipewa, kwa walio na wasiwasi.

Kwa wanaotaka namba: tundu la lenzi f/8, spidi 1/1600 ya sekunde kwenda juu, ISO (ukali wa kamera kwenye mwanga) nikaiachia kamera yenyewe, na mwangaza nikaupunguza kwa hatua moja kasoro kwa sababu weupe wa mla kaa kwenye jua la saa tisa unaungua kabisa, unapata ndege asiye na manyoya, karatasi. Na msipige kitu cha mbali saa sita saba mchana. Joto linapanda kutoka kwenye chumvi na tope hewa inacheza cheza, kwenye lenzi ndefu picha inatoka imeyeyuka, utalaumu fokasi, utalaumu duka, utalaumu dereva wa bajaji, kumbe ni hewa, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayotibu hilo. Ni kusubiri ndege asogee au jua lishuke.

Na kitu kingine, kuna vijana niliwakuta wanarusha mawe ili kundi liruke wapate video. Acheni. Hao ndege wanakula maji yakiwa yametoka, yakijaa ndio muda wao wa kupumzika, na ikifika mwezi wa tatu wanaweka mafuta mwilini ya kurudi nayo maelfu ya kilomita. Kila ukiwarusha unawachomea mafuta yao kwa ajili ya sekunde kumi za stetasi.

Haya turudi dukani, tumalizie madhaifu maana nimewasifia sana. Begi la lenzi zipu imekufa, limefungwa na kile kiraba cha kufungia hela, na nikiwa nimepanda bajaji kwenye matuta mi roho ilikuwa juu muda wote, nimeikumbatia na kanga. Kofia ya mbele ya kuzuia jua haikuwepo, ukiuliza unaambiwa "ilibaki Dodoma," na imebaki Dodoma hivyohivyo mpaka leo. Lakini kilichoniudhi hasa ni saa yao ya kurudisha. Ukichelewa dakika kumi na tano wanakata elfu kumi kwenye dhamana, foleni sio kisingizio, mvua sio kisingizio, wakati siku ya kuchukua wao wenyewe walinikalisha zaidi ya nusu saa kwa sababu mwenye ufunguo wa kabati alikuwa ameenda kula. Nilipolisema hilo bosi akasema mkataba ni mkataba dada. Sawa kaka. Mkataba ni mkataba, lakini sasa hivi na mi nagoma kusaini mpaka lenzi iko mkononi na muda unaandikwa mbele yangu, na wanakubali bila neno. Fanyeni hivyo.

Halafu hii wengi hawaijui kwa sababu haijabandikwa popote: wana nusu siku. Saa sita mchana mpaka saa tatu usiku, elfu thelathini, waliitengeneza kwa watu wa kitchen pati. Kwa ndege wa bamvua hii ndio yenyewe kabisa. Unachukua saa sita, saa nane kasoro uko Mtongani, mzee wa chumvi unamsalimia, saa nane na nusu umeshatega, jua linazama kwenye kumi na mbili na nusu, na saa tatu kasoro lenzi iko kaunta. Kurudi tu usipite njia kuu ya Mwenge saa moja jioni kama hujui vichochoro.

Siku za kuchukua ni Jumatatu mpaka Alhamisi. Ijumaa mpaka Jumapili Desemba yote vifaa vyao vimeshikwa na harusi, hata kama lenzi ndefu hakuna anayeihitaji wanaibeba tu kwenye pakeji. Angalia mwezi, hesabu siku mbili baada ya kuandama au kuwa mpevu, ikiangukia katikati ya wiki wapigie siku tatu kabla uweke oda, na waambie kabisa wakutafutie begi lenye zipu.